Tumbo Likikosa Amani: Chakula, Pumzi na Sala Katika Tiba ya Wasiwasi



Baada ya somo lililopita la sala ya kimya, dada mmoja aliye mwaka wa pili chuoni alinitumia ujumbe. Nauweka hapa kwa maneno yangu na kwa ruhusa yake. Kila mitihani ikikaribia, tumbo linamkoroga, anaharisha, hali, halali. Amepima vidonda vya tumbo mara tatu, hakuna kitu. Mwishowe daktari akampeleka kwa mtaalamu wa afya ya akili, naye akamwanzishia mambo mawili: arekebishe ulaji wake, na kila siku atenge dakika kumi za kukaa tu na kusikiliza pumzi yake. Wenzake wa kikundi cha sala wakashtuka. Mmoja akasema hiyo ya pumzi ni mambo ya Kibudha. Mwingine akasema tatizo ni imani ndogo, afunge siku tatu kavu litaisha. Swali lake kwangu lilikuwa moja: "Frateri, nimfuate nani?"

Jibu fupi: mfuate mtaalamu wako, na sala usiache. Jibu refu ndilo somo la leo, maana naona huyu dada si peke yake.

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Timu ikikaribia kucheza na mtani wake wa jadi, magazeti ya michezo yanaandika kwamba wachezaji wana matumbo joto. Mtu akivunjwa moyo tunasema amekatwa maini. Waliotunga misemo hii hawakusoma udaktari, walijisikia tu. Waebrania nao hivyo hivyo. Katika Zaburi na katika Maombolezo mtu mwenye huzuni kali anataja matumbo yake, ila Biblia zetu za Kiswahili zimetumia mara nyingi neno "mtima" na sisi tunapita haraka. Na Injili zinaposema Yesu aliwaona makutano akawahurumia, kitenzi cha Kigiriki kilichotumika pale kimetokana na neno la matumbo. Yaani huruma ya Bwana wetu ilimshika tumboni. Tangu mwalimu atuonyeshe hilo darasani, siwezi tena kulisoma neno "akawahurumia" kwa haraka.

Sasa sayansi inasemaje? Kuta za njia ya chakula zimejaa seli za neva, mamilioni kwa mamilioni, kiasi kwamba mtafiti wa Marekani Michael Gershon, katika kitabu chake cha mwaka 1998, aliuita mtandao huo ubongo wa pili. Halafu kuna mshipa mrefu wa fahamu uitwao vagasi, unaotoka chini ya ubongo, unapita kwenye moyo na mapafu, unafika tumboni. Sisi tunadhani kichwa ndicho bosi anayetuma amri huko chini. Kumbe karibu 80% ya nyuzi za vagasi zinafanya kazi kinyume chake: zinapeleka habari kutoka viungo vya ndani kwenda kwenye ubongo. Simu nyingi zinapigwa kutoka chini.

Wapigaji wengine wa simu hizo si hata sehemu ya mwili wetu. Utumbo mpana unakaliwa na bakteria wengi mno, na wengi wao ni wapangaji wema wanaosaga nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kuzisaga. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walichapisha jaribio la panya waliokuzwa bila bakteria wowote tumboni. Panya hao walipobanwa wasiweze kutembea, homoni zao za msongo zilipanda kuliko za panya wa kawaida. Walipopewa mapema aina moja tu ya bakteria wema, hali ikatulia. Panya si binadamu, hilo lieleweke, lakini tangu hapo swali limebaki mezani: je, wasiwasi wa mtu unaweza kuwa na mzizi chini ya kitovu?

Hapa naomba tuwe makini, maana kwenye makundi ya WhatsApp kuna watu wanawauzia vijana virutubisho vya bei ya kutisha kwa kisingizio hiki. Utasikia: "Serotonini, kemikali ya furaha, 90% inatengenezwa tumboni, kwa hiyo safisha tumbo uone sonona inavyokimbia." Nusu ya kwanza ni kweli. Kiasi kama hicho cha serotonini kinatengenezwa tumboni kweli. Lakini serotonini hiyo haivuki kizuizi kinachoulinda ubongo. Kazi yake kubwa iko huko huko, kuusukuma utumbo ufanye kazi yake. Uhusiano wa tumbo na akili upo, ila unapita njia ndefu zaidi: kwenye vagasi, kwenye homoni, kwenye kinga ya mwili. Muuzaji hana haja na njia ndefu.

Kitu chenye ushahidi bora kidogo ni chakula chenyewe, kile cha sahani. Mwaka 2017 Felice Jacka na wenzake wa Australia walichapisha jaribio la watu 67 wenye sonona ya wastani hadi kali, ambao walikuwa wanakula vibaya. Wengi walikuwa tayari kwenye dawa au ushauri wa kisaikolojia. Nusu walipewa mtaalamu wa lishe kwa wiki 12: mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa, maharage na jamii yake, samaki, mafuta ya zeituni, na kupunguza soda, vitamu na vya kukaanga. Nusu nyingine walipewa mtu wa kukaa nao na kupiga nao stori. Mwishoni karibu 32% ya kundi la chakula walikuwa wametoka kwenye sonona, dhidi ya 8% ya kundi la stori. Ni utafiti mdogo, na waliokuwa wanakula mboga walijua wanakula mboga. Lakini daktari anayekuuliza "unakula nini?" wakati wewe umeenda kumweleza huzuni yako hajatoka nje ya mada.

Na sisi tuna ushahidi wa nyumbani. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti wa Kilimanjaro uliofanywa na watafiti wa KCMC pale Moshi na wenzao wa Radboud, Uholanzi. Walishiriki wanaume 77 wenye afya. Waliozoea vyakula vya asili walihamishiwa kwenye vyakula vya Kimagharibi kwa wiki mbili tu. Wengine waliozoea vya mjini wakapelekwa kwenye kunde, mboga, ndizi na nafaka za kienyeji. Wengine wakapewa mbege kwa wiki moja. Kundi la kwanza, dalili za uvimbe wa ndani kwenye damu zilipanda na kinga ikalegea. Kwa makundi mengine mambo yalielekea upande mzuri, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye. Utafiti ule haukupima wasiwasi wala sonona, tusiulazimishe kusema lisilo lake. Ila uvimbe huo wa ndani ni mojawapo ya mambo yanayohusishwa na sonona kwa baadhi ya wagonjwa, na ndiyo sababu naona unatuhusu. (Ndugu zangu wa Rombo na Kibosho, msinitumie picha mkiwa kilabuni. Pombe na sonona havipatani, na pombe na dawa za akili ndiyo kabisa. Togwa na mtindi vipo, na navyo vimechachuka.)

Mtu atauliza: haya yote yanaihusu vipi imani?

Yanaihusu kwa sababu ya namna Kanisa linavyomwelewa binadamu. Wengi wetu, tukibanwa, tunaongea kama wanafunzi wa Plato: roho ndiyo mimi, mwili ni chombo tu, kama nahodha ndani ya jahazi. Jahazi likitoboka nahodha anahuzunika, lakini yeye mwenyewe hajatoboka. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliipinga picha hiyo. Mtaguso wa Vienne, mwaka 1312, ukafundisha kwamba roho ndiyo umbo la mwili, fundisho ambalo Katekisimu inalirudia katika namba 365. Kwa Kiswahili cha mtaani: hakuna wewe wa roho anayesali huku wewe wa mwili akiharisha. Ni mtu mmoja. Ndiyo maana Thoma alipoorodhesha dawa za huzuni, kwenye *Summa* yake kubwa, hakuandika "sali zaidi" akaishia hapo. Alitaja furaha yoyote iliyo halali, machozi, marafiki wanaotuhurumia, kutafakari ukweli, halafu usingizi na kuoga. Kuoga! Mtakatifu na Mwalimu wa Kanisa anamwambia mwenye huzuni aende akaoge, alale.

Alikuwa anamfuata Mungu mwenyewe. Fungua Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Eliya ametoka kupata ushindi mkubwa kule Karmeli, kisha Yezebeli anatuma ujumbe wa kumuua. Nabii anakimbia, anaingia jangwani, anakaa chini ya mti, anaomba afe. Leo tungesema ni kijana aliyefika mwisho. Mungu anafanya nini? Hamkemei. Hamwambii "wewe nabii mzima unakosaje imani?" Anamwacha alale. Malaika anamgusa, pale kichwani pake kuna mkate uliookwa na maji. Anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na chakula, akimweleza kwamba safari bado ni ndefu. Baada ya kula mara mbili na kulala mara mbili ndipo anatembea siku arobaini hadi Horebu, na huko Horebu ndipo inakuja ile sauti ya upole baada ya upepo, tetemeko na moto. Angalieni mpangilio: tumbo kwanza, usingizi, mwendo, halafu kimya. Ninavyosoma mimi, Eliya mwenye njaa asingeisikia sauti ile.

Kwa hiyo ile shauri ya kufunga siku tatu kavu, hapana. Kanisa Katoliki linatudai siku mbili tu za kufunga kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kuanzia miaka 18 hadi kukaribia 60, na hata siku hizo unakula mlo mmoja kamili na viwili vidogo, na maji unakunywa. Wagonjwa hawabanwi. Na mwenye wasiwasi unaomtoa jasho na kumharisha ni mgonjwa, hata kama kwa macho anaonekana mzima. Mwili ukikosa chakula unatoa homoni zile zile za hofu: moyo unadunda, mikono inatetemeka. Mtu anadhani anapigana na shetani kumbe anapigana na sukari iliyoshuka. Ukitaka kufunga kitu katika kipindi chako cha matibabu, funga soda za nguvu za usiku, funga simu baada ya saa nne. Hayo yatakuuma vya kutosha.

Sasa tuje kwenye pumzi, maana ndipo penye ugomvi.

Zoezi alilopewa yule dada linaitwa uzingatifu. Mtandaoni mmezoea kuliona kama maindifulnesi. Unaweka akili kwenye kinachotokea sasa hivi, pumzi, sauti, hisia ya miguu sakafuni, na wazo likija unaliona, huligombezi wala huliandalii chai, unarudi kwenye pumzi. Aliyelileta hospitalini ni Jon Kabat-Zinn, mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Alikuwa amejifunza kwa walimu wa Kibudha, wala hafichi. Akaliondolea mambo ya ibada, akalifanya kozi ya wiki nane. Zoezi lake maarufu ni kula zabibu kavu moja tu, taratibu, ukiitazama, ukiinusa, ukiitafuna kana kwamba hujawahi kuiona. Hapa kwetu karanga moja inatosha.

Matokeo? Mwaka 2011 kulichapishwa jaribio la Marekani kwa wanawake 75 wenye utumbo unaosumbua bila kidonda wala uambukizo, hali inayofanana sana na ya dada yetu. Waliojifunza uzingatifu walipata nafuu kubwa kuliko waliokaa kwenye kikundi cha kutiana moyo. Mwaka 2022 watafiti wa Georgetown, chuo cha Wayesuiti, walitoa jaribio la watu wazima 276 wenye magonjwa ya wasiwasi: nusu kozi ya wiki nane, nusu kidonge cha esitalopramu. Kozi haikuwa nyuma ya dawa. Hii haimaanishi utupe vidonge vyako leo usiku. Anayekuandikia dawa ndiye anayekuondolea.

Je, ni Ubudha? Chanzo chake kimoja kiko huko, ndiyo. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko *Nostra Aetate* la 1965, ulishasema Kanisa halikatai lililo kweli na takatifu katika dini nyingine. Na barua ya Idara ya Mafundisho ya Imani kuhusu tafakari ya Kikristo, iliyosainiwa na Kardinali Ratzinger tarehe 15 Oktoba 1989, inaruhusu kutumia mbinu za kutoka kwingine mradi maana ya sala ya Kikristo isipotoshwe. Inaonya pia, na onyo hili nalipenda: ule utulivu na raha ya mwili baada ya zoezi usiuite faraja ya Roho Mtakatifu. Kutulia ni kutulia. Ni kitu kizuri, kama kuoga kwa Thoma.

Wala kuangalia mawazo yakipita si jambo geni kwetu. Katika karne ya nne, jangwani Misri, Evagrio aliwafundisha wamonaki wayatazame mawazo yao: lipi limekuja, saa ngapi, lipi linafuata lipi, lipi linaondoka haraka. (Baadhi ya mafundisho yake mengine Kanisa liliyakataa baadaye, lakini hili la mawazo liliishi.) Mtakatifu Inyasi wa Loyola naye, kwenye *Mazoezi ya Kiroho*, ana namna ya kusali ambapo kila pumzi inabeba neno moja la Baba Yetu. Na Rozari? Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Waitaliano kwa watu 23. Waliposali Salamu Maria kwa Kilatini kwa kupokezana, pumzi zao zilishuka hadi karibu sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakapata mwendo mzuri. Bibi zetu walikuwa wanaituliza vagasi kila jioni bila kuijua.

Lakini tusichanganye. Katika zoezi la uzingatifu najiangalia mimi: pumzi yangu, tumbo langu, wazo langu. Katika sala naongea na Mwingine, naye anaweza kunijibu nisichokitaka. Ukiigeuza Rozari kuwa kidonge cha usingizi umeidhulumu. Ukiligeuza zoezi la daktari kuwa sala umejidanganya. Fanya vyote viwili, kila kimoja kwa jina lake. Binafsi naona zoezi likifanyika dakika chache kabla ya sala linasaidia, kama mtu anayefuta vumbi kwenye kiti kabla mgeni hajafika.

Na kwa yule aliyemwambia dada yetu kwamba tumbo lake ni ushahidi wa imani ndogo, namwomba amsome Mtakatifu Teresa wa Avila. Katika maandishi ya maisha yake, sura ya saba, anaeleza kwamba kwa miaka ishirini alikuwa akitapika kila asubuhi, asiweze kula hadi mchana upite. Huyo ndiye mwanamke ambaye Kanisa lilimtangaza Mwalimu wa Kanisa mwaka 1970, hasa kwa sababu ya mafundisho yake juu ya sala. Alisali kuliko sisi sote, na tumbo halikupona.

Ukitaka kuanza, anza mezani. Sala ya kabla ya chakula isemwe ukiwa umekaa, si ukiwa na kijiko hewani. Weka simu chumbani. Matonge matatu ya kwanza yale kwa utulivu, ukitafuna. Mtakatifu Benedikto aliagiza mezani pawe na kimya na msomaji mmoja; sisi seminarini kimya tunacho, kutafuna taratibu bado. Baadaye kaa dakika tano, vuta pumzi kawaida, itoe ndefu kidogo kuliko ulivyoivuta. Mapigo ya moyo hupungua kasi wakati wa kutoa. Akili itakimbia mara hamsini, irudishe mara hamsini. Kama ulipitia ukatili au tukio la kutisha na kufumba macho kunakurudisha kule, acha, fumbua macho, mwambie mtaalamu wako. Wapo wanaoumia zaidi kwa zoezi hili wakilifanya peke yao.

Nenda hospitali kama unaona damu kwenye choo, unapungua uzito bila sababu, unaamka usiku kwa maumivu au una homa. Hayo si ya kuyatulizia kwa pumzi. Huduma za afya ya akili zipo Mirembe Dodoma, Muhimbili, Bugando, na hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo. Ukifika mapokezi uliza kitengo cha afya ya akili bila kunong'ona. Na kama umeanza kuwaza kama Eliya chini ya mti, kwamba ni heri ufe, usisubiri Jumapili wala semina ya vijana. Mwambie mtu leo: mzazi, dada, mlezi wa VIWAWA, paroko, yeyote aliye karibu, na mwombe aende na wewe hospitali. Mkiwa njiani, kama unaweza kula kitu, kula.